Chai Isubiri, Chungwa Litangulie

 

Mazungumzo yetu leo ni ya chungwa, limau, ndimu, chenza na balungi. Ila sitaanza na tunda. Nitaanza na birika la chai.

Baridi ya Hanang tunaijua. Mlima una mita 3,400 na ushee, nasi tumejibanza ubavuni mwake. Upepo ukishuka jioni mtu hafikirii tunda, anafikiria moto na kitu cha kuchemka. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za kwetu mlo huisha namna moja. Makande yamepakuliwa, au ugali wa dona kwa maharage na mnafu, watu wamekula, na kabla sahani hazijaondolewa birika limeshafika. Kama maziwa yapo, ni chai ya maziwa. Kama yameachiwa ndama, ni ya rangi. Mzee anamiminiwa kwanza, kisha mama, kisha watoto, na hata yule wa darasa la kwanza anapewa kikombe chake kilichojaa sukari.

Chakula chenyewe sina ugomvi nacho. Maharage yana madini ya chuma. Mnafu unayo. Dona ina chuma kuliko sembe, kwa sababu haikukobolewa. Nina neno na birika, na hasa na saa linapofikia mezani.

Tuelewane kwanza kuhusu hiki chuma. Mwili unakihitaji ili kutengeneza ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa safi kutoka mapafuni hadi kwenye misuli na ubongo. Chuma cha nyama hupita kwenye utumbo bila shida kubwa. Chuma cha mimea kina mashaka mengi njiani. Mahindi na maharage yamejiwekea akiba ya fosforasi kwa ajili ya kuota, katika kitu ambacho wataalamu hukiita faiteti, na faiteti hiyo ikikutana na chuma tumboni hukishika kisipite. Chai nayo ina tanini, ndiyo inayoleta ule ukakasi ulimini, na tanini hufanya kazi ileile ya kukamata. Kwa hiyo mama anaweza kula sahani nzima ya makande yenye chuma cha kutosha, kisha akakisindikiza chooni kwa kikombe cha chai.

Hili limepimwa. Mwaka 1979 watafiti wa Gothenburg, Sweden, walichapisha matokeo ya vipimo vyao juu ya kifungua kinywa: waliokunywa chai pamoja na chakula, chuma kilichoingia mwilini kilipungua zaidi ya nusu, waliokunywa juisi ya machungwa, kiliongezeka mara mbili na nusu. Chakula ni kilekile. Kilichobadilika ni kikombe.

Chungwa linafanyaje kazi hiyo? Kwa vitamini C. Vitamini hiyo hukibadilisha chuma cha mimea kikawa katika hali ambayo utumbo unaipokea, tena hukishikilia ili faiteti na tanini zisikiwahi. Lakini sharti moja halikwepeki: vyote viwe tumboni kwa wakati mmoja. Chungwa la saa nne asubuhi haliwezi kuyasaidia makande ya saa saba mchana. Liliwe na chakula, au mara tu baada ya kijiko cha mwisho. Chai nayo isubiri saa moja au zaidi, sufuria zishaoshwa na watu wameanza kusogea motoni kupiga soga. Sijasema tuiache chai. Ningesema hivyo hapa Gitting mwezi wa saba, mngezima redio, na ningewapa haki.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, kama 42 wana upungufu wa damu, na kwa watoto walio chini ya miaka mitano hali ni mbaya zaidi: kama 59 kati ya 100. Si wote wamekosa chuma; malaria imo, minyoo imo, selimundu imo. Lakini chuma kina sehemu kubwa. Nasi wa milimani tuna deni la ziada, kwani hewa ya juu ni nyepesi na mwili unahitaji damu nzito kidogo ili kufanya kazi ileile anayoifanya mtu wa Tanga. Shirika la Afya Duniani, linapopanga kiwango cha kumwita mtu ana upungufu wa damu, huwaongezea wakazi wa miinuko. Ukiambiwa zahanati kwamba damu yako iko sawa, uliza kama wamekumbuka unakoishi.

Mtu wa mjini ana msaada mwingine. Tangu mwaka 2011 nchi yetu ina kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa viwandani, chuma na foleti vikiwemo. Sisi mahindi tunayalima wenyewe, tunayabeba kwenye debe hadi mashine ya kusaga ya kijijini, na tunarudi na unga wetu wenye joto. Unga mzuri, mtamu, wa uhakika. Ila hakuna aliyeuongezea kitu.

Mama mjamzito asikilize hapa kwa makini. Zile tembe za kuongeza damu unazopewa kliniki, nyekundu au kahawia, wengi huzimeza na chai kwa sababu maji ni ya baridi na chai ipo. Zimeze kwa maji, na ukiwa na chungwa, lifuatishe. Dada, baridi ya maji hayo ni ya dakika moja tu.

Sasa tuje kwenye tunda lenyewe, na nianze kwa kuvunja imani moja. Watu hupima vitamini C kwa ukali. Limau likikufanya ufumbe macho, wanasema hilo ndilo lenye vitamini. Hapana. Ukali ule ni asidi ya sitriki, kitu kingine kabisa. Gramu 100 za nyama ya chungwa zina vitamini C kama miligramu 53. Limau likiliwa lote, nyama na yote, linakaribia hapohapo, lakini nani hula limau hivyo? Sisi hulikamua, na limau moja la kawaida likikamuliwa hutoa yapata miligramu 18 au 19, wakati chungwa moja la wastani lililomenywa hutoa kama 70. Yaani limau zima linakupa robo ya chungwa. Ndimu ni pungufu ya limau. Chenza, pamoja na utamu wake wote, lina karibu nusu ya chungwa kwa uzito uleule. Na pera, ambalo halina ukali wa maana, lina zaidi ya miligramu 200 katika gramu 100, yaani mara nne ya chungwa. Ulimi si mizani ya vitamini.

Mtu mzima anahitaji kiasi gani kwa siku? Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo waliweka miligramu 45, na mama mjamzito 55. Marekani wameweka juu zaidi, 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanamume, na mvuta sigara wanamwongezea 35, kwa sababu moshi huila vitamini hiyo. Ukifuata hesabu ya kwanza, chungwa moja linakutosha na kubaki. Huna haja ya kula kumi. Mwili hauweki akiba kubwa ya vitamini C. Ziada huishia kwenye mkojo, na kesho unahitaji tena.

Asiyeipata kabisa kwa miezi michache hupatwa na kiseyeye: fizi zinavimba na kutoka damu, meno yanalegea, vidonda vya zamani vinafunguka, mtu anachoka mpaka anakufa. Na hapa pwani yetu ya Waswahili ina sehemu katika historia ya ugonjwa huo, sehemu ambayo vitabu vya shule hupita juu yake haraka.

Machungwa na malimau yalikuwepo Afrika Mashariki kabla ya Mzungu yeyote kutia nanga. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita pwani hii mwaka 1331. Mogadishu alilishwa wali pamoja na malimau yaliyotiwa chumvi, achari hasa, kama inavyoliwa Unguja mpaka leo. Na alipofika Mombasa aliiona mindimu na jamaa zake ikiwa miongoni mwa miti ya kisiwa. Zaidi ya miaka 160 baadaye, Aprili 1498, Vasco da Gama akafika Mombasa na mabaharia wagonjwa wa kiseyeye. Mfalme wa Mombasa akampelekea kondoo, na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Wagonjwa wakapata nafuu. Mwandishi wa shajara ya safari ile aliiona nafuu hiyo akamshukuru Mungu, akaisifu hewa nzuri ya Mombasa.

Hewa! Matunda yamo mikononi mwao, maganda yako sakafuni, na bado sifa ikapewa hewa.

Ila walau walianza kuhisi kitu. Waliporudi kutoka India walikaa baharini karibu miezi mitatu, watu 30 wakafa njiani, na kila meli ikabaki na mabaharia saba au nane wenye nguvu za kufanya kazi. Januari 1499 walipofika Malindi, jambo mojawapo la kwanza alilofanya nahodha ni kumtuma mtu pwani akalete machungwa, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiyatamani. Yaliletwa siku iliyofuata. Kwa wengi yalikuwa yamechelewa.

Ikapita karibu miaka 250 ndipo mtu akafanya jaribio lenye mpangilio. James Lind, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, Mei 1747, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye kwenye meli Salisbury, akawagawa wawiliwawili, kila jozi na dawa yake. Jozi moja siki, nyingine maji ya bahari, nyingine machungwa mawili na limau moja kwa siku. Machungwa yaliisha baada ya siku sita, lakini mmoja wa wale wawili alikuwa ameshafaa kurudi kazini. Jozi nyingine ilipewa dawa iliyosagwa ya vitunguu saumu na vitu vingine. Wakulima wangu wa vitunguu saumu wa Mbulu mnisamehe: haikuwasaidia. Vitunguu saumu vina faida zake, hii haimo.

Hata hivyo jeshi lilikawia mpaka mwaka 1795 kuamua kuwagawia mabaharia maji ya limau, na katikati ya karne ya 19 likabadili, likaacha malimau ya Mediterania na kuchukua ndimu za Karibi. Ndimu ilikuwa kali zaidi, wakadhani imara zaidi. Ni kosa lilelile la kupima kwa ulimi. Maji yake yalikamuliwa, yakapitishwa kwenye mabomba ya shaba, yakakaa muda mrefu yakipigwa hewa na mwanga, na vitamini ikapotea. Msafara wa jeshi hilo chini ya George Nares kuelekea Ncha ya Kaskazini, mwaka 1875 na 1876, uliondoka na maji ya ndimu ya kutosha na bado ukapigwa na kiseyeye. Vitamini yenyewe ilikuja kutengwa na Albert Szent-Györgyi wa Hungaria mwaka 1928, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1937.

Habari ya Nares inatuhusu jikoni. Vitamini C haipendi moto, hewa wala shaba. Ukitumbukiza vipande vya malimau kwenye sufuria, ukachemsha nusu saa mpaka maji yawe ya njano, umetengeneza kinywaji cha moto chenye harufu nzuri. Kitakutuliza koo, kitakupasha mwili. Vitamini sehemu kubwa imekwisha. Subiri maji yapoe mpaka yanyweke, ndipo ukamue. Kwenye mnafu au mchicha vilevile: ipua kwanza, pakua, kisha kamulia limau kwenye sahani. Kwa robo ya chungwa ile niliyoisema, limau halitafanya muujiza, lakini pamoja na nyanya mbichi za kachumbari linasaidia, na mboga yenyewe inapendeza mdomoni.

Nimegusa koo, basi niseme la mafua, maana mtauliza. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO ulipoingia, limau na tangawizi vilisakwa kila soko na kujifukiza kukaenea nchi nzima. Watu walikuwa na hofu, na mwenye hofu hushika kilicho karibu, sitawacheka. Lakini tuwe wakweli. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kwa watu wa kawaida vitamini C haizuii mafua. Wanaoitumia kila siku, mafua yao huwa mafupi kidogo, kama asilimia 8 kwa wakubwa na 14 kwa watoto, yaani mafua ya wiki moja yanapungua nusu siku au siku moja. Anayesubiri mpaka augue ndipo akimbilie limau, faida haijaonekana waziwazi. Kuna kundi moja tu ambalo kinga ilionekana kweli: wakimbiaji wa marathoni, wanajeshi na watelezaji theluji, watu wanaofanya kazi ngumu ya mwili, wengine kwenye baridi kali, kwao hatari ya mafua ilipungua kwa nusu, ingawa walikuwa wakimeza vidonge na si matunda. Nikisoma hilo huwakumbuka vijana wetu wanaokimbia alfajiri kwenye ukungu, katika nchi iliyomtoa John Stephen Akhwari wa Mbulu, yule aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 goti likiwa limefungwa bandeji. Kocha anayenisikia anaweza kulifikiria hilo.

Tukiacha vitamini, chungwa lina mengine. Lina potasiamu, inayosaidia kuweka shinikizo la damu sawa. Lina foleti kidogo, ingawa kwa foleti maharage yako yamelipita mbali. Asidi yake ya sitriki, na ya limau hasa, hupunguza uwezekano wa aina fulani za mawe kwenye figo, kwa sababu huizuia kalisi isigandamane kwenye mkojo. Na lina nyuzinyuzi, yale makapi ambayo wengi wetu tunayatupa.

Tazama tunavyokula. Muuzaji anamenya kwa kisu, ganda linatoka kama utepe mrefu, anaacha ule weupe, anakata kofia juu. Mteja anabinya, anafyonza, anatupa kilichobaki mtaroni. Kilichotupwa ndicho chenye nyuzinyuzi zinazolainisha choo na kuifanya sukari ya tunda iingie kwenye damu polepole. Ule weupe si uchafu. Una nyuzinyuzi laini ziitwazo pektini. Mwenye kisukari hasa afahamu hili: chungwa zima lililotafunwa na glasi ya juisi iliyochujwa ya machungwa manne ni vitu viwili tofauti kwa mwili wake. Na zile chupa za rangi ya chungwa dukani, soma karatasi zake kabla ya kumnunulia mtoto. Nyingi ni maji, sukari, rangi na harufu. Mtoto anapelekewa shuleni chupa ya aina hiyo na mzazi anaona amempa matunda; hapo kwa kweli hunipanda hasira kidogo.

Sasa, machungwa yetu yanatoka wapi? Mengi yanayopanda mlima huu yamezaliwa Muheza, mkoani Tanga. Yanapakiwa kwenye fuso, yanapita Segera, Korogwe, Same, Moshi, Arusha, yanashuka Minjingu, yanafika Babati, na mengine yanasukumwa hadi Katesh na kwenye mnada, ndipo bodaboda iyalete Gitting kwenye kiroba. Kila kituo bei inapanda ngazi. Ndiyo maana mwananchi wa hapa analiona chungwa kama zawadi ya mgonjwa: unakwenda kumsalimu mtu hospitali Haydom au Dareda, unabeba machungwa sita kwenye mfuko. Akipona hayaoni tena mpaka augue.

Kuna jambo moja linalopunguza biashara ya machungwa hapa bila sababu. Nimemsikia mteja akimwambia muuzaji, "Mama, haya bado mabichi, mbona ya kijani?" na mama akajibu, "Mwanangu, onja kwanza ndipo ulaumu." Mama ana haki. Chungwa la pwani huiva likiwa la kijani, kwa sababu usiku wa kule una joto, na ganda hubadilika kuwa la manjano pale usiku unapopoa, karibu na nyuzijoto 13. Rangi inatuambia habari za hali ya hewa lilikokulia, haituambii lolote kuhusu utamu. Chagua zito kwa ukubwa wake, lenye ganda lililotulia. Na ukishalifikisha nyumbani, baridi hii tunayoilalamikia inakufaa: chungwa zima, lisilochubuka, kwenye chumba cha baridi hukaa wiki kadhaa na vitamini yake, ambapo Dar es Salaam lingeshaanza kuoza. Kwa hiyo msimu ukichanganya huko Muheza, kuanzia katikati ya mwaka, na mafungu yakawa makubwa, familia mbili tatu zikishirikiana kununua gunia zima Katesh hazitapata hasara.

Kwa nini tusipande wenyewe? Swali zuri. Mchungwa unapenda joto. Chini ya nyuzijoto 13 ukuaji wake husimama. Kwenye mteremko kama wetu utaishi, lakini utakawia, na tunda litakuwa chachu. Kuna na adui mwingine. Upo ugonjwa wa bakteria unaoifanya michungwa majani yawe na mabaka ya manjano, na matunda yabaki madogo, yaliyopinda, machungu. Huenezwa na mdudu mdogo anayefyonza majani machanga, na aina ya Afrika ya mdudu na bakteria huyo inapenda miinuko ya baridi. Joto la mabondeni huwakera. Mti ukishaambukizwa hautibiki. Anayetaka kujaribu, ajaribu mabondeni kunakopata joto, kwa mche uliobebeshwa kutoka kwenye kitalu kinachokaguliwa, na asichukue mche wa jirani kwa kuonewa huruma. Huku juu mti mmoja wa limau nyuma ya jiko, kwenye ukuta unaokinga upepo, unatosha kwa mboga na samaki.

Na ikiwa fuso halikuja? Hatufi. Pera nimeshalitaja, nalo linaliwa na watoto njiani wakitoka shule bila mtu kuwahesabia kuwa wamekula kitu cha maana. Papai lina vitamini C kuliko chungwa kidogo. Kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, ambayo huku inalimwa hadi inagaiwa bure, ina zaidi ya miligramu 30 kwa gramu 100, mradi isikaangwe mpaka ikawa kahawia. Pesheni na matunda damu hustahimili baridi yetu. Shule zinazopika makande ya mchana zinaweza kupanda mipera kuzunguka uwanja. Mzazi atakayetoa mche ametoa kitu kinachodumu kuliko kilo ya sukari.

Nimalizie na tahadhari, haraka, muda unatuishia. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia, limau kwenye tumbo tupu asubuhi linaweza kumsumbua. Aache, asikubali kuambiwa ni sumu inatoka. Maji ya limau hayayeyushi mafuta ya kitambi, hata yakinywewa alfajiri. Mwenye tabia ya kunyonya limau kutwa ajue asidi inakula meno. Asukutue kwa maji, na mswaki usubiri nusu saa. Anayekamua ndimu nyingi juani anawe mikono vizuri, kwani maji yake ngozini yakipigwa na jua huunguza na kuacha mabaka meusi.

Na balungi. Wazee wetu wenye dawa za presha na za lehemu, hili ni lenu. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada waligundua kwa bahati kwamba maji ya balungi huzuia utumbo usivunje baadhi ya dawa, kwa hiyo kidonge kimoja kinaingia kwenye damu kana kwamba umemeza kadhaa. Zimo baadhi ya dawa za presha, nifedipini mojawapo, na baadhi ya zile za kushusha lehemu. Athari hiyo hudumu siku nzima na zaidi, hivyo kula balungi asubuhi na kumeza dawa jioni hakukusaidii. Chungwa tamu la kawaida halina shida hiyo. Shikamooni wazee, mkienda kuchukua dawa, bebeni paketi ya zamani, mwulizeni mfamasia swali hilo moja, kisha rudini nyumbani na machungwa.